Waheshimiwa Walipokwenda London: Mwongozo wa Kuitambua Kejeli ya Siasa Kabla Hujaigombania

Jumatatu moja asubuhi, hata sijamaliza kupanga chaja kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu karibu na Top Market hapa Nakuru, niliingia kwenye grupu letu la mtaa nikaandika kwa herufi kubwa: "HAWA WATU HAWANA HAYA." Chini yake nikabandika skrinishoti niliyoiokota kwenye grupu jingine. Ilisema wawakilishi wadi 14 wamesafiri hadi London kwa ziara ya siku 5 ya kujifunza namna ya kudhibiti taka.

Chai yangu haijapoa, grupu lilikuwa limeshawaka. Mmoja akapiga hesabu ya marupurupu ya siku 5 akazidisha kwa 14. Mwingine akataka kujua tiketi ya ndege siku hizi ni pesa ngapi, na kama wamebeba wake zao. Shemeji yangu aliyeko Kisumu akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na katika hizo tatu mbili nzima hakuitaja Nakuru, alikuwa anamalizana na wa kwao. Mjadala ukawa wa vyama. Kutoka vyama, kama ilivyo ada yetu, ukaanza kunusanusa makabila. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda, ambaye kwa kawaida huandika tu nauli ya kwenda Free Area, akaweka mstari mmoja:

"Wawili ni mimi niliwabeba. Hawajanilipa."

Grupu likanyamaza. Kwa msomaji asiyeijua Nakuru: London ni mtaa wetu. Jalala la Gioto, ambako taka za mji zimemwagwa miaka na miaka, liko upande huo huo.

Nikairudia skrinishoti, safari hii polepole. Aya ya pili ilisema safari ilichelewa kwa sababu matatu ilikuwa inangoja abiria wawili ijae. Aya ya tatu ilimnukuu kiongozi wa msafara akisema hali ya hewa ya London ni nzito, "inaingia puani kabla hujashuka." Yote yalikuwa pale. Mimi nilisoma kichwa na mstari wa kwanza, nikapandwa na damu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na kwa kuwa wateja huniletea simu zao zikiwa wazi, nimeuona ukisaidia zaidi ya mtu mmoja. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na msimu wa siasa ndio msimu wa kejeli kunona. Fuata hatua hizi kwa mpangilio ukiweza. Ukikosa muda, fanya ya kwanza na ya tatu.

Hatua ya 1: Fika chini

Habari ya kawaida huanza na uzito wake: nani, nini, wapi, lini. Ukiacha kusoma katikati hujapoteza kikubwa. Kejeli imejengwa kinyume. Kichwa kimevaa suti ya habari, mstari wa kwanza umefunga tai, halafu kadiri unavyoteremka nguo zinavuliwa moja moja mpaka unabaki na mtu anayekucheka. Ukiishia kwenye tai, utaapa umekutana na msemaji wa serikali.

Shida ni kwamba simu zetu hazina haraka ya kutufikisha chini. Facebook hukata maandishi baada ya mistari michache na kukutaka ubonyeze ili uone yaliyobaki. Linki nayo hula bando. Mama mmoja anayeuza omena, mteja wangu wa siku nyingi, aliniambia bila kupepesa macho: "Kijana wangu, bando hili ni la kuongea na mtoto aliyeko chuo. Hiyo linki siifungui. Kichwa kimetosha." Simlaumu. Lakini mtu aliyesoma kichwa tu hana haki ya kupigana kwa ajili ya habari nzima. Afowadi akitaka, asiape.

Ukifika chini, sikiliza nukuu. Mwanasiasa wa kejeli husema kweli kupita kiasi: "Tumeamua kula kwanza, barabara zitafuata." Wa kweli hasemi hivyo hata umshikie panga. Yeye atakuambia suala hilo liko mahakamani, au kwamba maneno yake yamechukuliwa nje ya muktadha, au ataita mkutano wa maendeleo. Ukikutana na kiongozi anayekiri kosa lake kwa sentensi fupi iliyonyooka, tia shaka mara moja.

Tazama pia vitu vidogo visivyolingana na ukubwa wa jambo. Ujumbe rasmi unaongoja matatu ijae. Waziri anayekopa kalamu kutia saini mkopo. Mwandishi wa kejeli huacha vitu hivi makusudi, kama mtu anayekukonyeza akiwa amekunja uso.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye mdomo

Kusema kweli, sisi watu wa utani hatukupaswa kunaswa kirahisi hivi. Siku ya Mashemeji Derby, mechi ya AFC Leopards na Gor Mahia, shabiki wa Leopards mwenye moyo mgumu anaweza kusimama Kondele kule Kisumu akatangaza kwamba Gor Mahia imepigwa mnada kwa deni la samaki, na hakuna atakayekimbia kuuliza bei ya kuanzia. Unamwona alivyo. Jezi yake unaijua, na huenda kweli ameoa kwenu. Utani haujawahi kusimama peke yake, daima umebebwa na mtani.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye runinga. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Moi, vijana wa kikundi cha vichekesho cha Redykyulass walipomwigiza Mzee, na Walter Mong'are tuliyemzoea kwa jina la Nyambane akaivaa sauti yake, hakuna aliyedhani Ikulu imehamia studio. The XYZ Show ilipoanza 2009 na vikaragosi vyake vya mpira, pua zile pekee zilitosha kukuambia uko wapi.

Mtandaoni maneno husafiri, mtani akabaki stendi. Skrinishoti ndiyo mhalifu mkuu. Ni nyepesi, haili bando kama linki, inafunguka papo hapo, na aliyeipiga kwa kawaida hukata ule ukingo wa juu wenye jina la ukurasa. Ikishapita grupu tatu imekuwa yatima.

Mfano mzuri ulitoka hapa hapa kwetu. Januari 2016 Crazy Monday, kurasa za udaku na vichekesho za Kenya, ziliandika kwamba serikali ya Eritrea imeamuru kila mwanamume aoe wake wawili, la sivyo atafungwa. Hadithi ikavuka mipaka ikiwa imevuliwa jina la kwao. Vyombo vya habari vya Nigeria na Afrika Kusini vikaibeba, watu wakaanza kuulizana nauli ya Asmara, mpaka Waziri wa Habari wa Eritrea, Yemane Gebremeskel, akajitokeza kuikana. Afisa mmoja wa nchi hiyo aliiambia BBC kwamba hata mwendawazimu wa Asmara angejua hiyo si kweli. Ndiyo, wa Asmara angejua. Wa Lagos angejuaje? Na wa Nakuru, ambaye ndiye jirani wa aliyeitunga, mbona naye aliifowadi?

Kumtafuta mwenye mdomo hakuhitaji ufundi. Kwenye WhatsApp, anza na mishale. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepitishwa mkono kwa mkono angalau mara tano, kwa hiyo aliyekutumia hajui ulikotoka kama wewe usivyojua. Muulize hata hivyo, kwa upole: "Umeitoa wapi hii?" Jibu likiwa "kuna grupu fulani," hujapata jibu.

Kisha chukua maneno manne au zaidi yasiyo ya kawaida kutoka ndani ya habari, si kichwani, uyatie kwenye alama za kunukuu na kuyatafuta kwenye Google. Mimi ningeandika "inaingia puani kabla hujashuka" ningeufikia ukurasa wenyewe kabla maji hayajachemka. Kama ni picha, Google Lens itakuonyesha mahali pengine ilipowahi kutokea, na mara nyingi utakuta ile ya awali ikiwa na jina la ukurasa bado liko juu.

Ukiupata ukurasa, usitazame jina tu. Majina ya kurasa za kejeli hutungwa yafanane na ya magazeti, hapo ndipo utamu wake. Soma sehemu ya maelezo kuhusu ukurasa, ambako wengi hukiri wazi kwamba wao ni wa vichekesho, kisha teremka uangalie machapisho matano ya nyuma. Kama wiki jana waliandika kwamba flamingo wa Ziwa Nakuru wamegoma wakidai marupurupu ya nyumba, basi ushaelewa uko nyumbani kwa nani.

Mtu mmoja, Nathan Poe, aliandika mwaka 2005 katika mabishano ya mtandaoni kuhusu dini kwamba bila alama ya kutabasamu huwezi kuigiza msimamo mkali asipatikane mtu wa kuuchukua kuwa wa kweli. Miaka imepita na alama za kutabasamu tunazo mamia, lakini skrinishoti huzikata nazo.

Kuhusu video na sauti za akili unde: utaratibu ni ule ule, ila usiyategemee macho yako. Kikaragosi cha mpira kilijitambulisha chenyewe, sura iliyotengenezwa na kompyuta haijitambulishi. Tafuta hotuba nzima, siku na mahali iliposemwa. Hakuna hotuba nzima, hakuna nukuu.

Hatua ya 3: Uliza moyo wako ulifurahia nini

Hii ndiyo inayouma, ndiyo maana watu huiruka.

Mimi si mjinga. Naweza kukuambia simu imeingia maji kwa kuishika tu. Lakini wiki ile taka za mtaa wetu zilikuwa hazijachukuliwa kwa wiki tatu, mbwa walikuwa wanazitawanya mlangoni pangu kila usiku, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia. Skrinishoti ilinikuta nimeshakunja ngumi. Sikuiamini kwa sababu ilikuwa na ushahidi, niliiamini kwa sababu ilinipa haki ya hasira niliyokuwa nayo tayari.

Na wakubwa hunaswa vile vile. Septemba 2012 shirika la habari la Fars la Iran lilichapisha kama habari kamili hadithi ya The Onion, gazeti la kejeli la Marekani lililoanzishwa 1988, iliyodai kwamba Wamarekani weupe wa vijijini wanampenda Mahmoud Ahmadinejad kuliko Barack Obama. Kulikuwa na kura ya maoni ya kubuni na hata habari ya kunywa bia pamoja na Ahmadinejad, kiongozi wa nchi ambako pombe ni haramu. Mhariri yeyote aliyekuwa macho angesimama kwenye hiyo bia. Walipogundua waliomba radhi, lakini wakaongeza kwamba bado wanaamini kura huru ya maoni ikipigwa, Wamarekani wengi wangemchagua mtu yeyote wa nje ya mfumo wa siasa wa Marekani kuliko Obama. Hapo ndipo pa kuangalia. Ushahidi umeondolewa, imani imebaki imekaa palepale kwenye kiti, kwa sababu haikuwahi kukalia ushahidi.

Kwa hiyo kabla hujafowadi, badilisha jina. Kama habari inamhusu mgombea usiyempenda, weka la yule unayempenda, uisome tena. Je, ungedai ushahidi? Kama ungedai, basi udai sasa. Nimejaribu zoezi hili na wateja pale kibandani, mmoja wa chama hiki na mwingine wa kile, nikiwasomea habari moja yenye majina mawili tofauti. Wote wawili waliicheka ilipokuwa ya wao na kuilaani ilipokuwa ya mwenzake. Tuliishia kunywa soda.

Hatua ya 4: Tafuta nyayo

Jambo la kweli likitembea serikalini huacha nyayo. Swali la kujiuliza ni hili: kama hii ingekuwa kweli, ni wapi pengine ingelazimika kuonekana?

Akiteuliwa mtu kwenye wadhifa wa umma, jina lake huingia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na matoleo maalumu katikati. Likisemwa neno bungeni, liko kwenye Hansard. Hukumu ya mahakama iko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Hata matokeo ya urais: mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo vyake zaidi ya 46,000 kwenye tovuti kila mtu azione, na bado watu wa Kitale na Kakamega walikuwa wanarukiana kwa takwimu za kwenye skrinishoti ilhali fomu ya kituo chao wenyewe ingefunguka kwa vidole viwili.

Kwa ukurasa wa mbele wa gazeti unaozunguka mtandaoni, nenda kwenye akaunti ya gazeti lenyewe uone toleo la siku hiyo. Magazeti yetu makubwa yana desturi ya kuchapisha upya kurasa bandia yakiwa yamezipiga muhuri mwekundu. PesaCheck, Africa Check na Piga Firimbi nao huchunguza madai yanayozunguka huku, na si mara moja wamelazimika kueleza kwa uso mkavu kwamba mzaha fulani ulikuwa mzaha.

Usisahau kalenda. Mei 2015 Jack Warner, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FIFA, alijirekodi kwenye video akijitetea dhidi ya Marekani, mkononi ameshika karatasi aliyoichapisha. Ilikuwa hadithi nyingine ya The Onion, iliyosema FIFA imetangaza haraka haraka Kombe la Dunia la 2015 kuchezwa Marekani. Kombe la wanaume lilikuwa limechezwa Brazil 2014 na lililofuata lilikuwa la Urusi 2018. Mtu aliyekula mpira maisha yake yote hakuona kwamba 2015 haina Kombe la Dunia la wanaume. Hasira ilikuwa imesimama mbele ya kalenda.

Hatua ya 5: Usirukie ng'ambo ya pili

Baada ya aibu ya London nilipona vibaya. Kwa mwezi mzima kila nilichoonyeshwa nilisema, "Hiyo ni kejeli." Nilijiona mwerevu. Ni ugonjwa ule ule umegeuza shati.

Kwa maana nchi yetu ina mambo ambayo hakuna mtunzi wa vichekesho angethubutu kuyaandika. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja. Andika hiyo kama mzaha na mhariri wako atakuambia upunguze, bei haiaminiki. Kisha ukaja utetezi: kwamba wilbaro zile zilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu na kisicholeta saratani. Ingekuwa ni kejeli, ile saratani ndiyo ingekuwa mkonyezo wa aya ya tatu niliyousema pale juu. Lakini ilikuwa habari. Ilikuwa na bei, idadi, hati za ununuzi, na watu walioulizwa maswali wakayajibu kwa majina yao.

Kwa hiyo ukichekeshwa na jambo, hiyo si dalili kwamba ni la uongo. Kipimo ni nyayo. Wilbaro zilikuwa nazo, wasafiri wa London hawakuwa nazo. Na kama jambo limetokea leo asubuhi na nyayo hazijaonekana bado, neno zuri la Kiswahili ni "sijui." Linatamkika. Nimelijaribu.

Kuna na hatari nyingine upande huu. Kiongozi aliyenaswa kwa jambo la kweli hupenda sana kusikia watu wakisema ni vichekesho vya mtandaoni. Usimfanyie kazi hiyo bure.

Hatua ya 6: Mtu akikuambia "ni mzaha tu"

Si kila anayejificha nyuma ya kicheko ni mtani. Wapo wanaotunga uongo mkavu, na wakishikwa hukimbilia neno "kejeli" kama mtu anayekimbilia kanisani. Mimi huwatenga kwa kuangalia wanamcheka nani na wanataka nifanye nini.

Kejeli ya kweli hupanda juu: humcheka mwenye kiti, mwenye msafara wa magari, mwenye kalamu ya bajeti. Na haikuagizi chochote, ukishacheka au ukishanuna kazi yake imekwisha. Ukiona "mzaha" unaotaja kabila, mtaa na siku, au unaosema kituo chako cha kupigia kura kimehamishwa, au upige namba hii upate pesa za serikali, huo si mzaha. Mtani hakutumi mahali. Usibishane nao wala usiufowadi hata kwa kuulaani, maana kuulaani nako ni kuusambaza. Mwambie admini auondoe.

Nakuru hatuhitaji kufundishwa hili. Mwishoni mwa Januari 2008 mji huu uliwaka, na katika ghasia zile za baada ya uchaguzi zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. WhatsApp haikuwepo, ilianza 2009. Uvumi ulipita kwa SMS ya herufi chache, na kila aliyeipata aliituma kwa jamaa zake akiamini anawaokoa. Nilikuwa kijana. Nakumbuka mzee wetu akisoma ujumbe mmoja kwa sauti mezani, mama akazima jiko kabla ugali haujaiva. Ujumbe ule haukuwa kweli. Ugali haukurudishwa jikoni.

Hatua ya 7: Kumwambia aliyenaswa

Hapa ndipo wengi wenye ukweli mkononi huharibu. Wanaandika mbele ya watu 200: "Umedanganywa, hiyo ni satire, soma kwanza." Matokeo yake mtu anaacha kuitetea habari anaanza kujitetea mwenyewe, na kujitetea hakuna mwisho.

Katika grupu letu yuko mwalimu mstaafu wa upande wa Njoro. Sote tunamwita Mwalimu, hata wasiofundishwa naye. Siku moja alituma habari kwamba serikali imeunda Wizara ya Kuomba Msamaha, yenye waziri mmoja na makatibu wanne, akaongeza maoni marefu kuhusu kiwango cha elimu ambacho makatibu hao wangepaswa kuwa nacho. Vijana wakaanza kunoa visu. Nikawahi kumwandikia pembeni:

"Habari ya jioni, Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Ile ya Wizara ya Msamaha nimeicheka sana, hasa pale waziri anapochelewa kuapishwa kisha anaanza kazi papo hapo kwa kuomba radhi. Nimeona imetoka kwa ukurasa wa vichekesho. Nami ya London ilinipata hivyo hivyo. Utawaambia wenzetu mwenyewe, au niwaambie?"

Angalia kilichomo. Nimemsalimu. Nimemwonyesha mahali penyewe panapocheka, ili apaone kwa macho yake badala ya kuniamini mimi. Nimejitia kwenye shimo lile lile. Na nimemwachia mlango wa kutokea. Kwa mzee, huo mlango ndio kila kitu. Hata ukiwa na linki kumi za uthibitisho, usizitume kabla hajauliza.

Alikaa saa nzima kimya. Kisha akanijibu: "Asante, kijana. Ni miwani." Dakika tano baadaye akaingia kwenye grupu: "Ndugu zangu, lile la Wizara lilikuwa zoezi la ufahamu. Wote mmeanguka."

Hakuna aliyethubutu kumpinga.

Kwa rika lako na watani wako unaweza kutumia ulimi mkali zaidi, mnajuana. Kwa mkwe, mjomba, padri, mwenyekiti wa chama, tumia njia ya Mwalimu. Na kama mtu amekataa kabisa baada ya kuonyeshwa, mwache na picha yake. Uichore msalaba mwekundu, uandike KEJELI juu yake, uiweke kwenye grupu bila kumtaja. Anayesoma kimya ni wengi kuliko anayebishana, na hao ndio unaowahudumia.

Hatua ya 8: Ukiwa ni wewe

Kufuta ujumbe pekee hakutoshi. WhatsApp itaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, watu watadhani umetishwa, na nakala walizokwisha kufowadi zinaendelea na safari. Andika sahihisho mahali pale pale ulipoiweka, kwa maneno machache yasiyo na utetezi. Kisha kumbuka ni grupu gani nyingine uliipeleka, uzipitie zote. Mimi zilikuwa nne, moja ya harusi.

Niliandika hivi: "Ile habari ya waheshimiwa kwenda London ilikuwa ya vichekesho, nami niliileta bila kuisoma mpaka chini. London inayosemwa ni hii yetu ya Gioto. Naomba msiisambaze zaidi kama habari. Taka za mtaa wetu bado hazijachukuliwa, hilo ni kweli, ninazo picha."

Watu kadhaa wakaweka dole gumba. Shemeji wa Kisumu akaomba ujumbe wake wa sauti usisikilizwe tena. Baada ya kitambo yule kijana wa bodaboda akaandika:

"Sawa, admini. Na nauli yangu ya wale wawili?"